Mama Alipolala Kwenye Meza ya Picha

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za kaka yako, zilizojaa hamu ya kukuona. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Usiogope kabla hujafika mwisho. Najua tabia yako ya kulia kwanza na kusoma baadaye.

Mama alianguka. Alipanda stuli kutundika mapazia, nami nilikuwa nimemwambia anisubiri. Unamjua mwenyewe, kumwambia Mama asubiri ni sawa na kumwambia aharakishe. Stuli iliteleza, akatua sakafuni kwa mgongo. Jirani alimfunika shuka, akakataa katakata mtu yeyote kumwinua mpaka gari la wagonjwa lifike. Mungu amjalie jirani yule.

Nilikuwa kwenye zamu yangu hospitalini, chumba cha picha za mifupa. Mlango ulipofunguliwa niliona mgonjwa amefungwa kola ya kuzuia shingo isitikisike, kisha nikaona miguu, na miguu ile naijua tangu sijajua kusoma. Mwenzangu alikuwa wodini, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Tulimhamisha watu wanne, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, tukamlaza kwenye meza ya mashine. Mama akaniuliza kama nimekula.

Picha zikaanza kuja kwenye skrini, pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine. Shingo nzima. Kifua kizima. Halafu kiunoni nikaona pingili imebonyea, na kipande cha mfupa kimesogea nyuma, kuelekea njia inamopita mishipa ya fahamu. Kikiibana, miguu ndiyo basi tena. Niliirudia kuitazama mara tatu, mdogo wangu, mimi ninayeziona picha kama hizo kila wiki.

Nilipoingia kumtoa, aliniuliza nimeona nini. Sisi wapiga picha haturuhusiwi kusema, hiyo ni kazi ya daktari, nikamjibu hivyo hivyo kama mgonjwa wa kawaida. Alisema nimekuwa mtu mzima vibaya sana. Daktari akataka apigwe picha nyingine kwenye mashine ya sumaku, ile inayoonyesha mishipa yenyewe, na hapo ndipo nilipopumua: kipande kimekaribia, hakijagusa. Vidole vya miguu anavichezesha. Atavaa mkanda wa mgongo, atajifunza kutembea upya taratibu, na anahitaji mtu wa kukaa naye nyumbani.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu nisingeweza.

Tangu uondoke bila kuaga, Mama hajalitamka jina lako. Ukitajwa, huinuka kwenda kuangalia jiko hata kama halijawashwa. Picha za wanao nilizomwonyesha alizitazama upande, akasema mwanga haukutosha. Mimi nilishakata tamaa, na nilikuwa nimekukumbuka mno hata nikaacha kukutaja.

Kile chumba cha mashine ya kwanza kina kipaza sauti kinachotuletea sauti ya mgonjwa, nacho hakizimwi. Sisi tuko nyuma ya kioo, mlango umefungwa, mgonjwa hudhani yuko peke yake. Mama naye alidhani hivyo. Meza ilipoanza kusogea nilisikia sauti yake, nikafikiri anasali. Alikuwa anaongea na wewe.

"Chiriku mwanangu," alisema, "nimeanguka. Njoo basi. Sitakugombeza. Nilitaka tu kukwambia kwamba…"

Shingo ilikuwa inapigwa picha, na mtu akiongea shingo hutikisika na picha huharibika. Nikabonyeza kitufe cha kuongea na mgonjwa, nikasema, "Mama, tulia, usiongee." Akanyamaza papo hapo. Tangu siku ile hakuna kati yetu aliyeligusa jambo hilo, ingawa anajua nilisikia.

Msalimie shemeji, wabusu wanao ambao bibi yao hajawapakata. Chumba chako kipo, nimekifagia.

Nilimnyamazisha mimi, mdogo wangu, na alikuwa hajamaliza. Njoo umsikilize.

Ndimi kaka yako,
Mpiga Picha