Mbegu za Shamba la Chini

Dada yangu mpendwa,

Hilo doa la zambarau hapo juu si damu, usishtuke. Ni kiganja cha mwanao Tonge. Sasa hivi amepanda mapajani kwangu, mkono umejaa maji ya zabibu, akaupiga kwenye karatasi kama karani mwenye muhuri, kisha akacheka peke yake. Nimeliacha. Wewe ni mama yake mkubwa, acha naye akusalimie.

Habari za huko? Mgongo wa mama unaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi miili ni mizima, ila leo roho yangu iko juu juu. Ukiona herufi zimelala, zinyanyue mwenyewe.

Unakumbuka tulipopewa shamba la chini ulivyosema tumebahatika, udongo mweusi namna ile hata ukichomeka fimbo itaota. Nami nilifurahi. Kumbe mzabibu hautaki kudekezwa. Huku wanasifu kule juu kilimani, kwenye kokoto nyekundu, ambako mizizi inahangaika kutafuta maji na zabibu zinatoka ndogo, nyeusi, zenye divai nzito. Mawe yanashika joto la mchana, kwa hiyo kilima ndicho huiva kwanza kila mwaka. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, wa baridi, unakumbatia maji. Majani tele, zabibu zinachelewa, na divai yake nyepesi mpaka wavunaji wanaiita chai ya rangi. Wanacheka, nami nacheka nao, lakini inaniuma. Baba mkwe alishasema mbele ya watu kwamba divai yetu ikiharibika tena mwaka huu, anang'oa mizabibu yote ya chini apande majani ya ng'ombe, na mume wangu akajitafutie kazi pengine.

Sasa sikia. Mwaka huu mvua ilikata mapema, jua likawa kali. Kule juu kokoto zimekauka mpaka mizabibu imekunja majani na kusimama. Zabibu haziendi mbele wala hazirudi nyuma. Zetu, kwa yale maji yaliyojificha ndani ya udongo, zimeendelea kuiva polepole. Lakini hapa mkasi hauanzi chini kabla ya juu, na juu hauanzi mpaka baba mkwe atafune mbegu ya zabibu. Ikiwa bado kijani, anaitema na watu wanarudi makwao. Wavunaji wanamwita Hakimu, yeye akiwa mbali lakini. Siku zote hizi anatafuna mbegu za juu, anatema. Za chini hazijafika hata mdomoni mwake.

Za chini nimezitafuna mimi. Tangu juzi ni za kahawia, zinavunjika kama karanga iliyokaangwa. Nikamwambia mume wangu. Akasema hata yeye ameona, ila nani atamfunga paka kengele. Jana mawingu yakaanza kukaa nyuma ya kilima. Mvua ikinyesha, kule juu itapita kwenye kokoto iende zake. Kwetu itakaa, zabibu zitavimba, zitapasuka, zitaoza, nasi tutafunga mizigo.

Dada, lililonishikisha kalamu ni hili. Leo asubuhi mzee alikwenda kwa fundi wa mapipa. Wavunaji walikuwa wamekaa kwenye makreti wanangoja. Nikawaambia mzee amekubali, tuanze chini. Uongo mtupu, na sikupepesa jicho. Mume wangu alinitazama, akachukua mkasi, akaingia mstari wa kwanza.

Mzee amerudi tukiwa katikati ya shamba. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Nani amewatuma?" Nilikuwa nafungua mdomo, mume wangu akaniwahi.

"Ni sisi, baba."

Huyu mtu hajawahi kumjibu baba yake tangu nimjue. Mzee akaniambia nimpeleke mtoto ndani. Ndiyo niko hapa mezani, dirisha wazi, nakuandikia ili nisilie. Nauona mgongo wa mzee. Ameokota kichala kwenye kreti, anatafuna. Hajatema. Amechukua kingine, cha mstari mwingine. Mume wangu amesimama kando yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Upepo unanukia mvua.

Tukifukuzwa tutakuja kwako, hata jikoni tutalala, Tonge hana makuu. Lakini moyo wangu unakataa kufungasha, dada. Zile mbegu nimezitafuna kwa meno yangu mwenyewe. Nisalimie mama, mwambie mgongo aukande na maji ya moto asione uvivu. Shemeji mpe pole. Watoto wabusu mmoja mmoja, na yule mkorofi mara mbili, kwa sababu

Ananiita. "Mama Tonge!" Mzee huyo. Dada, amekunja mikono ya shati, anasema nimletee mkasi wake, mstari wa mwisho atauvuna mwenyewe kabla mvua haijashuka, na mimi nishike upande wa