Rufaa Yangu na Matanga ya Bi Zena

Ijumaa, 18 Februari 1955
Nimetoka kwa mwandishi wa barua tena. Barua ya rufaa bado. Jana mkono ulimuuma, leo wino umekwisha, kesho sijui atakuja na lipi. Nimekaa barazani kwake Mkomani mpaka miguu ikafa ganzi. Kiingereza changu kingetosha ningeiandika mwenyewe nikaachana naye. Mwisho wa kukata rufaa ni Jumatatu, tarehe 28. Baada ya hapo hukumu ni hukumu: Athmani, mpimaji wa nazi kavu, alifukuzwa kwa haki kwa sababu alipunja mizani.

Kupunja! Mimi!

Jumapili, 20 Februari
Imamu amesoma sura ya wapunjao kwenye Magharibi. Hakunikusudia, najua. Lakini jirani yangu wa kushoto alikohoa. Nusu ya sala yangu ilikwenda kwenye kikohozi chake. Mungu anisamehe.

Mawe ya mizani aliyabadilisha Bwana Swaleh mwenyewe, tajiri wangu, ghalani mwake. Wenye mashamba walipogutuka, akaninyooshea kidole mimi. Aliapa mbele ya hakimu. Na mimi niliapa. Yeye ana ghala, mimi nina kanzu mbili.

Alhamisi, 24 Februari
Mwanaisha amerudi dukani bila sukari. Muuzaji alimtania, eti asimlete mumewe karibu na mizani yake. Watu wakacheka. Mke wangu akaiacha sukari palepale. Tumekunywa chai chungu. Kazi sitaki tena. Ghala lake Swaleh na alitie moto. Nataka hilo neno liondolewe kwenye jina langu, basi.

Jumamosi, 26 Februari
Barua imekwisha. Hatimaye! Nimeipata alasiri, ofisi ya korti imeshafungwa. Si kitu. Jumatatu nitamtangulia karani mlangoni.

Baadaye. Bi Zena amefariki. Mama yake Swaleh. Inna lillahi. Alikuwa shoga wa mama yangu, na kila Idi sahani yake ya kwanza ilikuja kwangu. Nimelia. Kisha nikajiuliza kama hakukuwa na siku nyingine ya kufa. Naona haya kuliandika, lakini nililiwaza.

Jumapili, 27 Februari
Tumemzika. Nimebeba jeneza. Nimempa Swaleh mkono wa rambirambi kama wengine, akaupokea kama wa wengine.

Jumatatu, 28 Februari
Mwanaisha aliniamsha mapema, kanzu keshaipiga pasi, barua keshaitia mfukoni. “Yeo ndiyo siku,” akasema. “Shika ndia wende.”

Nilishika ndia. Nikafika njia panda. Kulia ofisi, kushoto nyumba ya msiba. Watu walikuwa wanaingia matangani, wakanipa salamu, wakanisubiri niingie nao. Ningewaambia nini? Kwamba nakwenda kumshitaki mtu ambaye kaburi la mamake halijakauka? Niliingia. Nikajiambia nakaa kidogo tu, nasoma juzuu moja, natoka.

Wakanipa birika la kahawa niwamiminie watu. Nani anaweka chini birika la matangani na kwenda zake? Nikamimina. Kila nikiinama barua ilinichoma mbavuni. Adhuhuri ikapita. Nikamtilia Swaleh kikombe chake. Alikunywa, akarudisha, hakuniangalia. Alijua leo ni siku gani. Wakili wake anamhesabia siku. Alijua na akaomba kikombe cha pili.

Adhana ya Alasiri, saa ofisi inapofungwa, imenikuta nimeshika birika.

Nimerudi nyumbani. Mwanaisha ameitoa barua mfukoni, ameitazama, ameiweka mezani. Nilimfokea kuhusu uungwana. Hasira zangu hazikumhusu yeye.

Jumanne, 1 Machi
Tumeanua matanga. Sikulala.

Jumatano, 2 Machi
Karani ni kijana wa Mombasa, mpole, na upole wake umenikera zaidi. Akasoma barua, akasoma tarehe, akatikisa kichwa. Nikamweleza msiba. Akauliza marehemu alikuwa nani yangu. Nikasema, mama wa niliyeshitakiana naye. Akadhani nimekosea kusema. Nikarudia. “Sasa Bwana,” akasema, “wewe ulikuwa huko ukifanya nini?”

Nikaiacha barua mezani kwake.

Amesema kuna tundu moja tu. Swaleh akija mwenyewe akasema hana pingamizi, barua itapokewa.

Alhamisi, 3 Machi
Nimekwenda kwake. Nimemwomba. Naliandika tena neno hilo: nimemwomba. Aje tu aseme nilikuwa nyumbani kwake, nikimzikia mamake. Akaniacha nimesimama, kisha akanijibu kwa sauti ya msiba kabisa: “Mamangu usimtie kwenye kesi yako.”

Eti mimi ndiye niliyemtia!

Jumamosi, 12 Machi
Karani amenirudishia barua. Imekataliwa. Mwandishi naye nimemkuta njiani, ameniuliza mambo yalikwendaje. Nimempita.

Jumatano, 6 Aprili
Arobaini ya Bi Zena. Nilikwenda kwa ajili yake. Baada ya dua Swaleh akaniita chumba cha ndani, peke yetu. Magunia ya mchele wa sadaka, na maskini wamejaa uani. Akanipa pishi ya kupimia. “Gawa wewe, Athmani. Hawa wangine siwaamini.”

Nikamwambia atoke akaseme hivyo barazani, watu wasikie. Akatazama magunia. Nikangoja. Akatazama mlango. Nikaona hatatoka.

Nikachukua pishi. Mchele ulikuwa wa Bi Zena. Nikagawa mpaka magunia yakaisha, na hakuna aliyerudi kulalamika. Swaleh hakuja kuangalia hata mara moja.

Nyumbani Mwanaisha aliuliza kama amesema lolote. Nikamwambia alivyosema. Akaacha kupakua chakula, akauliza ni nani mwingine aliyesikia.

Nikamwambia hakuna. Akanitilia wali, tukala.