Ukoka wa Mzee Mushi

Jumanne, Goba

Na nilivyokuwa na uhakika! Wiki ya tatu ya mgao wa maji, na ukoka wa jirani yangu, Mzee Mushi, ni wa kijani utadhani mvua inamnyeshea yeye peke yake. Asubuhi uvumilivu ukaniisha, nikaenda kumgongea geti.

"Shikamoo, Mzee. Sie tunakosa maji ya kupikia, wewe unamwagilia nyasi?"

"Marahaba, Mama Zuhura. Tangu mgao uanze sijashika mpira wa maji. Ingia uone."

Akachukua jembe, akachimba chini ya ukuta unaotutenganisha. Udongo ulikuwa tope. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka upande wangu, ulio juu kidogo mlimani, kwenye bomba lililopasuka, bomba la tenki langu.

Kumbe anayemwagilia bustani ya Mzee Mushi ni mimi. Usiku na mchana, bila hata kuombwa. Mzee wa watu hakucheka. Aliniuliza tu kama nina fundi.

Fundi kaja mchana, kaziba. Kilichoniuma ni mama mkwe, aliyekuja kututembelea. Maji ya tenki yalipokuwa yakiisha haraka nilimshuku yeye, nikaanza kumpimia maji ya kuoga. Nusu ndoo, mama wa mume wangu!

Jioni nikamwomba radhi.

"Yameisha, mwanangu," akasema. "Ila leo naoga ndoo nzima."

Nikampelekea. Ndiyo yalikuwa maji yote yaliyobaki. Mie nimejifuta kwa kitambaa kibichi.