Karanga Zilizoiva

Shoga yangu Zena,

Gunia lako la karanga limefika kwa basi la Newala, na ujumbe wako nimeusoma: "Ya zamani tuyaache." Haya. Mengine nimeyaacha. Hili la karanga, shoga, bado limenikaa kooni.

Unakikumbuka chumba chetu cha Mkomaindo, hapahapa Masasi, tukiwa kidato cha sita? Chupa mpaka uvunguni, kostiki ya kunyonya hewa ukaa tumeiomba kwa jirani mtengeneza sabuni. Mwalimu alitaka tupime mbegu zinazochipua: hewa ukaa inayotoka, tuigawanye kwa oksijeni inayoingia. "Wanga utawapa moja," alisema. "Mafuta yanakula oksijeni nyingi, yatashuka mpaka sifuri nukta saba. Lakini msiniamini mimi. Pimeni!" Mimi nikachukua mtama, wewe karanga, maana mama yako alizilima kule Mnyambe. Mtama wangu ukanipa moja kasoro kidogo, tukarukaruka kama watoto. Wewe ukaja na sifuri nukta saba. Nilikukumbatia, Zena! Chupa zako hata sikuzitazama.

Siku ya maonyesho ya shule nikaeleza mimi, kwa kuwa ulisema unaona haya. Mgeni akachomoa karanga moja chupani, akaitafuna. "Binti, hii imeiva. Iliyoiva inapumua?" Ukumbi ukaangua kicheko. Kwenu karanga za akiba huchemshwa na maganda yake, kisha huanikwa juani; hazichipui tena. Ulilijua hilo tangu utotoni. Hukupima chochote. Uliandika tu jibu la Mwalimu. Nikakutazama uniokoe, ukasema, "Karanga alishughulika nazo yeye."

Eti yeye! Mimi niliyekusuka nywele kila Jumamosi.

Mwalimu alikuwa akiniita Daktari. Tangu siku ile nikawa "wewe msichana", na mpaka leo anaamini mimi ndiye niliyemdanganya.

Sasa nafundisha biolojia hapa Masasi. Karanga zako za juzi ni mbichi; nililoweka kiasi, zikachipua, nikazipima na wanafunzi wangu. Sifuri nukta saba. Jibu lilelile, Zena! Ungepima tu ungelipata. Machozi yalinitoka mbele ya darasa, wakadhani ni kostiki.

Mwalimu amelazwa hospitali hapa Mkomaindo, anapumulia mtungi wa oksijeni. Nilikwenda kumjulia hali. "Shikamoo, Mwalimu." Akajikakamua: "Marahaba, msichana." Nikamrekebishia shuka, nikaaga. Ukweli nikimwambia mimi, itakuwa najitetea, na yeye hana pumzi ya kubishana.

Usiniombe radhi kwa gunia. Panda basi uje, umwambie zile karanga zilikuwa za nani. Mimi nitakaa kwenye benchi la nje. Ukitoka, nitaingia nimwamkie upya, nisikie ataniitaje.

Fanya haraka. Salamu nyingine sina.

Aliyekuwa shoga yako,
Mama Hamisi