Matabishi ya Mdogo Wangu

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Miguu inauma. Patro, mwenye baa, kanilipa vizibo vya wiki, kwa kununa kama kawaida yake. Mteja akiniambia "chukua na wewe moja", sinywi. Naweka kizibo kando, na mwisho wa wiki patro ananipa nusu ya bei ya ile bia. Ukikaa mezani ukainywa pamoja na mteja, hayo ni mapatano mengine. Mtaa mzima wa Bwiza unajua.

Mteja mwenye adabu anaacha matabishi, bakshishi yangu, chini ya chupa na kuondoka bila kugeuka. Asiye na adabu anainua noti juu ili baa nzima ione. Mimi wote nawapokelea kwa mikono miwili. Ndivyo mama alivyotufundisha.

Leo kaja Dezire. Mdogo wangu. Hatujaonana tangu apate kazi kwa watu wa mafuta ya magendo, wale waliotajirika nchi jirani zilipotufungia mipaka. Aliingia na wanaume watatu. Mimi tayari nimeshacheka, nimeshaweka sahani chini ili nimkumbatie. Akanitazama kama anavyotazama ukuta.

"Serveze, tuletee bia ine za baridi."

Nikaleta. Nikazifungua mbele ya macho yao, maana siku hizi hakuna anayekunywa chupa iliyofunguliwa nyuma ya kaunta, kwa kuogopa sumu.  Walipoondoka nikakuta noti chini ya chupa yake.

Mtu haachi matabishi kwa dada yake. Dada unampa nyumbani, mkononi, au humpi kabisa. Nimeichukua. Zawadi, mwenzangu wa kazi, alikuwa ananitazama, ningesema nini?

Jumatano, 8 Oktoba

Asubuhi Dezire kanisubiri kwenye kona ya soko. Suruali mpya. Hakuondoa miwani ya jua.

"Espe, nisamehe. Wale watu wakijua mama yangu anakaa Buterere, mi nimekwisha."

Nilijua atasema hivyo. Mama yetu, kama watu wengi wa Buterere, si wa kabila linalopendwa kwenye ile meza. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, jina langu ni la kule, hakuna anayenisumbua. Baba yake Dezire ni mwingine, alikufa zamani, na Dezire amejitungia baba mpya mwenye kabila zuri. Lakini patro na Zawadi wanajua Jumapili nakwenda Buterere kwa mama. Akiwa ndugu yangu, basi ni mtoto wa kule.

"Basi usikuje pale," nikamwambia.

"Shefu wa kazi ndiye anachagua baa."

"Basi usiniachie matabishi."

"Wote wanaacha. Nisipoacha mi peke yangu, watauliza juu ya nini."

Ana haki. Wiki iliyopita tu kijana mmoja alishushwa kwenye basi kwa ajili ya kabila lake na mpaka leo hajarudi. Ninachokichukia ni kwamba ninamwelewa. Ningekuwa simwelewi ningempiga kofi pale sokoni, nikaenda zangu nikapumua.

Nilibeba sahani za watu ili huyu mtoto amalize shule.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamekuja tena. Shefu wao ni mnene, sauti ya chini, pete mbili. Kila mtu anamcheka anapotaka achekwe. Dezire aliagiza brosheti, mishkaki, kwa wote. Kaacha noti kubwa kuliko ya juzi. Anadhani nini? Kwamba kosa linapungua noti ikikua?

Zawadi kaniambia jikoni, "Ule kijana anakutaka. Mutu haachi vile bure."

Nikamwambia anyamaze. Akacheka. Nikaenda kuosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Jumapili, 12 Oktoba

Buterere. Matope mpaka kizingitini. Nilimkuta mama anaanika nguo ambazo haziwezi kukauka. Nikamwambia Dezire anasafiri sana, upande wa Tanzania, kazi ya mafuta. Akasema ni vizuri. Akaniuliza kama nimekula.

Siwezi kumwambia. Itamuua.

Jumanne, 14 Oktoba

Patro kaniita. Eti meza ya Shefu inalipa kodi ya baa. Eti niwe na uso mzuri. Wakinialika kukaa, nikae kidogo, haidhuru. Nimekaa hapa miaka bila kukaa kwenye meza ya mwanamume, na yeye mwenyewe alikuwa anajisifu kwa watu kwamba serveze wake wana heshima. Heshima hiyo imeuzwa na sikuulizwa.

Nachukia hii kazi. Bahati mbaya naijua vizuri.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nitaandika polepole.

Walikuja saa kumi, jua bado kali. Watu wanakunywa mapema sasa, kila mtu anataka kuwa nyumbani kabla ya saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku. Nikafungua chupa. Shefu akanishika mkono.

"Chukua na we moja. Ukae hapa, karibu na Dezire."

"Asante, baba. Niko kazini. Nitaiweka."

"Apana. Leo hauweki. Kijana wetu anakupa zaidi kuliko bibi yangu ninavyomupa. Anakupenda, anaogopa kusema. Njo ukae."

Wenzake wakacheka. Meza za jirani zikageuka. Nikamtazama Dezire. Nilidhani atasema hata kitu kidogo. Mwache, Shefu. Ni mtu mzima. Ana mume. Uongo wowote ungefaa, yeye ni fundi wa uongo.

Akasema, "Kaa tu, mama."

Sikukaa. Ndipo Shefu akatoa noti, akaikunja kwa urefu, akanisukumia ndani ya blauzi, kifuani, kwa vidole vyake vyenye pete. Meza yote ikacheka. Dezire alichelewa kidogo. Kisha akacheka na yeye.

Nilikuwa na neno mdomoni. Mudogo wangu. Ningelisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza chumvi, na Shefu angegeuka kumtazama upya. Dezire aliliona likija. Nilimwona ameishika shingo ya chupa mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Nikalimeza. 

Nikaitoa ile noti, nikaiweka mbele ya Dezire, kwa mikono miwili. Nikasema, "Umesahau hii, bwana." Nikaenda kaunta.

Shefu hakupiga kelele. Alisimama tu, na wote wakasimama. Patro alingoja watoke getini. Kaniambia nivue tablia, ile aproni ya kazi, niende zangu. Kaniambia nimemharibia wateja. Vizibo vyangu vya wiki hii hakuvilipa.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda misa. Sikwenda kwa mama.

Hasira. Basi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Niko Ruziba, kando ya ziwa, kwa shangazi yake Zawadi. Naanika ndagala, hawa dagaa, na kuwafukuza kuku. Mikono inanuka samaki hata baada ya sabuni. Wanawake hapa wananunua, wanalipa, wanaondoka, na hakuna anayeniita kwa kupiga makofi.

Zawadi kaja leo kunitazama. Kaniambia Dezire alikuja baa peke yake, mchana, hakuna watu. Hakuagiza kitu. Aliuliza niko wapi. Zawadi hakumwambia, ila alimuuliza, "Nimwambie ni nani anamutafuta?"

Alifikiri kwanza. Akasema, "Mwambie ni mukiliya." Mteja tu.

Zawadi alikuwa anasubiri nieleze. Nikamfungia ndagala kwenye gazeti aende nazo.

Jumapili, 2 Novemba

Buterere. Mvua ilinyesha usiku wote na maji yaliingia kwa mama. Tulikuwa tunainua kitanda tukipange juu ya matofali. Jirani mpya akaja kutusaidia, mwanamke aliyekimbia vita huko milimani, bado hajui habari zetu. Akashika upande wa miguuni.

Akamuuliza mama, "Hauna mutoto mwanaume wa kukusaidia hii kazi?"

"Apana," mama akasema. "Niko na huyu tu."

Hakusita. Hakunitazama. Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi, akasukuma tofali kwa mguu likae sawa. Kwa hiyo Dezire alikuja hapa kwanza, kabla hata ya kuja baa. Alimwomba na yeye amkane. Na wiki zote hizi mama ananisikiliza nikimdanganya juu ya Tanzania, ananiuliza kama nimekula.

 Tulikitua kitanda, tukatandika mkeka. Jirani akaaga. Mama akachemsha chai, tukainywa tumekaa juu ya kitanda, miguu tumeipandisha kwa sababu ya maji.