Sakafu ya Nusu Mwezi

Manyatta, Kisumu
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kifua kimeniachilia tangu niache kulala chumba kimoja na makopo ya rangi. Magoti tu ndiyo bado yanalalamika. Nawe goti lako la kushoto linaendeleaje? Kuku waliopona ule ugonjwa ni wangapi? Naandika kwa sababu ukinipigia simu unauliza kama nimekula, halafu unakata eti salio linaisha.

Mama, nimepata kazi iliyonifungulia njia. Kuna dada anaitwa Naeema, mke wa Seif mwenye duka la vitambaa hapa mjini. Wamejenga kule Riat, na yeye ana mimba ya kwanza. Alitaka sakafu ya chumba cha mtoto ichorwe kwa mkono. Hataki vigae, hataki zulia, anataka rangi juu ya simiti halafu vanishi. Akaniambia, chora kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu.

Nikakumbuka nyumbani. Wewe ulikuwa unasiriba sakafu kila Jumamosi, udongo na mavi ya ng'ombe, na kila wiki mchoro mpya, mara mawimbi, mara miiba ya samaki. Lakini nilipokuwa na miaka sita kuna mmoja niliupenda kuliko yote, na huo peke yake uliuacha ukae mpaka mvua. Nusu mwezi, mbili ndogo na mbili kubwa, zinatoka kitandani kwako zinazunguka mpaka mlangoni. Nilikuwa nalala kifudifudi nikizifuata kwa kidole. Nimezichora vile vile, hata pale kwenye kabati zinapokata kona ghafla. Naeema alipoziona alikaa chini akashindwa kuinuka, ikabidi mimi na Seif tumvute. Tulicheka sana.

Sasa watu watatu wanataka hiyo hiyo. Mmoja ni mwenye hoteli, anaitaka kwenye baa yake. Wakiniuliza nimeitoa wapi nasema kichwani mwangu. Usinicheke, biashara ni mdomo. Nimempa Dorca wa samaki picha akuletee, utaona wageni wa Seif wamesimama juu yake siku ya kufungua nyumba. Ila niambie, mbona hukuichora tena?

Mtoto wako,
Aloo


Asembo Bay
16 Machi 2025

Kwa Aloo,

Salamu. Mimi niko tu. Goti ni lile lile. Kuku wamebaki wawili. Mvua imechelewa na dagaa wa omena wamepanda bei.

Picha nimempa Dorca akurudishie. Sakafu hiyo usiichore tena, mahali popote.

Kula vizuri.

Mama yako


Manyatta
23 Machi 2025

Mama,

Salamu, na pole kwa kuku. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilingoja zaidi ya mwezi, nikapata barua fupi kuliko risiti ya duka. Sasa ngoja niseme mimi. Najua ulitaka niwe mwalimu. Najua akina mama wa kanisa wakikuuliza Aloo anafanya nini, unawajibu "yuko Kisumu", basi, unabadilisha habari. Unaona aibu kwamba natambaa kwenye sakafu za watu na brashi. Lakini ni brashi hiyo iliyokuwekea mabati mapya.

Na kama unaona nimekuibia, Mama, ule ulikuwa udongo na mavi ya ng'ombe. Wewe mwenyewe uliusiriba juu ukaupoteza. Mimi ndiye nimeufanya ukae. Mwenye hoteli nimeshamwambia naanza baada ya Pasaka.

Aloo, mtoto wako


Asembo Bay
17 Aprili 2025

Mwanangu Aloo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba umekula. Yako niliisomea nyuma ya jikoni ili jirani asinione uso.

Kazi yako sijawahi kuionea aibu hata siku moja. Nikisema uko Kisumu ni kwa sababu sijui kuieleza. Aibu ni yangu mwenyewe, ya siku nyingi, na ningekufa nayo kama hungetaka kuipeleka kwenye baa.

Unajua ulikuwa na mdogo wako, Owiti. Unajua homa ilimchukua akiwa hata hajaanza kusimama. Hilo la sakafu hukuambiwa. Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilimaliza kusiriba nikatoka kuanika nguo. Kurudi, nikakuta ametambaa kwenye udongo mbichi kutoka kitandani mpaka mlangoni, viganja na magoti. Pale kwenye kabati aliona kuku, akageuka kumfuata. Nilicheka mwenyewe, nikasema haya, nitarudia Jumamosi ijayo. Jumatatu akashikwa na homa. Ilipofika hiyo Jumamosi tulikuwa tumeshamzika. Wewe tulikuwa tumekupeleka Kisian kwa shangazi yako.

Baada ya mazishi wanawake wa boma walikuja na udongo wao kunisiribia nyumba. Nilisimama mlangoni nikawaambia nitafanya mwenyewe. Walipoondoka nilipiga magoti, nikazungushia kila alama nusu mwezi kwa kidole, ili mtu akiingia aone ni urembo, asiulize kitu, na asikanyage. Zile ndogo ni viganja, zile kubwa ni magoti. Ulipokuwa ukizifuata kwa kidole, mwanangu, ulikuwa unamfuata yeye.

Nilikaa nayo mpaka mvua ya Aprili, nyanyako akang'amua. Mbele ya akina mama wa kanisa alisema, huyu mwanamke tuliyemtoa Busia anafuga maiti sakafuni. Hakuna aliyenitetea. Niliona aibu hata ya kushuka ziwani kuteka maji. Siku hiyo hiyo nilichanganya udongo nikasiriba juu yake, kwa mikono yangu hii. Hapo ndipo aibu ya pili ilipoanza, na hiyo haijaisha. Nilimfuta mtoto wangu ili watu wasinicheke.

Sasa nimeona kwenye picha wageni wamesimama juu yake na viatu, na humo ndani kuna mwanamke mwenye mimba. Naogopa. Amua wewe, mimi sina neno la kukuamrisha.

Mama yako,
Nelima


Manyatta
8 Juni 2025

Mama yangu,

Sina uso wa kukusalimu, lakini nakusalimu. Nimeianza barua hii nikaitupa, nikaianza tena nikaitupa. Mimi ni mzima. Wewe sijui, na sina haki ya kuuliza.

Nilikuandikia mavi ya ng'ombe. Neno hilo linanirudia nikiosha brashi, nikifunga mlango, hata kanisani wakati watu wamefumba macho.

Mwenye hoteli nilimwambia atafute mtu mwingine, na wale wengine pia. Kwa Naeema nilienda nikasingizia vanishi, kwamba nimeona ina kasoro nataka kurudia. Akaniambia mbona inang'aa vizuri. Nikarudi nyumbani kama mwizi. Nilipoenda mara ya pili nilisema kweli yote. Alinisikiliza akiwa miguu mitupu, maana tangu wale wageni hakuna aliyeingia humo na viatu. Hakunitukana. Aliuliza tu, mama yako anaendeleaje? Seif ndiye alisema polepole, tafadhali ifute. Waliogopa, Mama, na siwezi kuwalaumu, tumbo lilikuwa limefika mwisho.

Nikaifuta. Nilipaka rangi ya kijivu mara mbili, nikianzia ndani nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Nilipofika pale kwenye kona, pale alipomfuata kuku, nililia mpaka Naeema akaniletea maji. Nimefanya kile kile ulichofanya wewe, kwa kuogopa watu vile vile. Picha niliichoma, na zile za kwenye simu nimefuta zote. Niliona labda hivyo utapumzika.

Naeema amejifungua msichana, Zamzam. Mama na mtoto wazima.

Usiponijibu nitaelewa.

Mtoto wako,
Aloo


Asembo Bay
11 Juni 2025

Aloo nyathina, mwanangu,

Salamu. Nimeamka salama, na goti leo limenihurumia. Dorca anasubiri mlangoni na beseni lake, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Zamzam akue, awasumbue wazazi wake. Na hilo neno la mavi ya ng'ombe liache. Ni mavi kweli, mimi ndiye nayachota.

Nami nina langu. Tangu Pasaka nimekuwa nikijaribu. Nyanyako hayupo, na wale akina mama waliobaki ni vikongwe kama mimi, nimwogope nani tena. Kila Jumamosi nasiriba, nachora, na kila Jumamosi nakosea nafuta. Najua alianzia kitandani na najua alifika mlangoni. Hapo katikati nimesahau. Namwona vizuri kabisa, lakini mkono haukubali. Nilikuwa nataka kumtuma Dorca aje akuombe ile picha niliyokurudishia. Kumbe yeye ndiye amebeba barua yako kwamba umeichoma.

Sikukasirika. Tumemfuta sasa mara mbili, mimi kwa aibu yangu na wewe kwa yako. Lakini wewe ulimchora bila picha ya mtu, baada ya miaka yote hii, mpaka kona ya kuku.

Njoo Jumamosi. Udongo nimeshauloweka. Brashi iache huko, na upitie mlango wa jikoni, maana huku mbele patakuwa pabichi.

Mama yako, na mama wa Owiti