Mlima Usiopita Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Hujambo, daftari langu? Habari za tangu Krismasi? U mzima? Mgongo wako naona umeachia gundi – wangu nao si haba. Sisi hatujambo kwa neema ya Bwana. Mama mkwe anakula kuliko sote na anawaambia majirani kwamba hapewi chakula.

Sasa sikia. Wamekuja watu wa kupanga hifadhi ya wanyama. Wameuomba ukumbi wa kanisa, huu ninaoutunza mimi na ufagio wangu, na humo wanatengeneza mlima! Huu wa nje hautoshi. Labda hauna adabu, haukai mezani. Wanakata maboksi, wanabandika tabaka juu ya tabaka, kisha rangi. Ukumbi mzima unanuka gundi.

Mkubwa wao nimempa jina Bwana Miwani. Ana miwani machoni na nyingine kichwani. Kanieleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa: joto linaongezeka, wanyama wa chini wanapanda kutafuta baridi, lazima watengewe njia na mahali pa kukaa. Nikamwambia, ahaa! Kumbe. Paa wanakula kabichi zangu tangu mwaka juzi, mimi nikadhani ni ujirani mwema.

Meza ya kuuweka huo mlima kaitengeneza baba watoto. Fundi seremala hapa ni yeye. Kaipigia misumari humo humo ukumbini ili asibebe mbao mara mbili. Meza pana! Imara! Anaizunguka kama bwana harusi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mkutano. Kila mwenye nyumba kachomeka pini yake kwenye mlima wa maboksi. Yangu nyekundu. Nikaipenda, nikaifuta kwa kanga.

Kisha Bwana Miwani katoa uzi wa kijani, wa kufumia sweta. Kuuzungusha uzi ndiko kuonyesha njia ya wanyama. Wao wanaiita ushoroba, maana njia ni neno la watu wasiosoma. Uzi ukapanda kutoka msituni, ukafuata mgongo wenye chemchemi, ukapita wapi? Ukaizunguka pini yangu! Nikabaki ndani kama kuku kwenye tenga.

Watakaokuwa ndani watahamishwa. Kwa makubaliano, anasema. Mama mkwe kasimama na fimbo yake: alizaa watoto sita kwenye nyumba ile, na hakuna paa aliyemletea hata uji.

Shemeji kauliza kwa nini njia isipite ng'ambo ya kijito, kwa Mama Pacha. Bwana Miwani kajibu kule ni mwamba mtupu, jua kali, hakuna maji. Mnyama akipelekwa kule hafiki juu. Na wakikosa kupanda, watoto wetu watawaona kwenye picha tu.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda. Na wangu! Kwaya nzima ilikuwa inanitazama, ningefanyaje?

Mama Pacha kanikumbatia. "Pole dada. Bwana atakufungulia mlango mwingine." Amina. Ni rahisi kumfungulia mtu mlango wakati wako haujaguswa.

Picha ya uzi haikupigwa. Umeme hakuna tangu Jumatano, simu zote zimezima. Bwana Miwani na wenzake wanakwenda vijiji vingine; Jumatatu watakuja wakubwa wao na kamera, watakachokikuta ndicho kitakachochorwa kwenye ramani. Akaniagiza, "Usiuguse, mama. Futa vumbi tu." Nimefuta. Uzi nimeuzunguka kama unavyolizunguka yai.

Jumamosi, 8 Machi

Arusi ya binti wa mwalimu wa kwaya! Ukumbi ulikodiwa tangu mwaka jana. Kwa hiyo mlima utolewe.

Mlima haukupita mlangoni.

Wanaume wanane, jasho, amri kumi kwa wakati mmoja. Mlima umegandia mezani kwa gundi, na meza ni pana kuliko mlango! Baba watoto kasimama akaupima mlango kwa macho, akasema mlango ndio mdogo. Miaka yote hii ulikuwa mlango mzuri tu, leo ndio umekosea.

Wakaulaza ubavu. Nikapiga kelele, nani anamsikiliza mfagiaji? Pini zikamwagika kama mchele. Uzi ukaanguka wote, fundo moja miguuni mwao. Na bado haukutoka! Wakausukuma kwenye kona, wakaufunika kitambaa cheupe. Wageni wakadhani ni keki. Mtoto mmoja kalia mpaka mwisho akitaka kipande cha juu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada wamebaki wachache kuurudisha mlima ulivyokuwa. Pini hazikusumbua, zina mashimo yake. Uzi hauna shimo. Shemeji anauvuta huku, mwalimu wa kwaya anauvuta kule. Watu hao hao walionyoosha mikono Ijumaa! Kila mmoja anakumbuka vizuri kwamba haukupita kwake.

Mama Pacha hakuwepo. Wanawe wana homa, wako zahanati.

Mwishowe wakanigeukia wote. "Wewe ndiye unayefuta vumbi. Ulipita wapi? Utakavyosema ndivyo." Shemeji kaongeza, "Tunakuamini. Wewe ni mtu wa sala." Asante sana, shemeji. Sifa nyingine ni kamba ya shingo.

Mama mkwe kanivuta sikio kama mtoto. Niseme ulipita kwa Mama Pacha – hata hayupo! Nikamtazama baba watoto. Anajua ulipita wapi, aliushika mwenyewe Ijumaa. Akawa anavitazama viatu vyake, kana kwamba vimenunuliwa leo.

Nikasema nitaupanga mwenyewe kesho asubuhi kabla wageni hawajafika. Nikautia uzi mfukoni mwa aproni, nikafunga ukumbi.

Hapa nyumbani hakuna anayeniuliza. Adabu imewashika ghafla. Baba watoto ananoa randa isiyohitaji kunolewa. Nimempelekea chai, kaipokea bila kuniangalia, akasema dirisha la jikoni ndilo la kwanza alilonitengenezea. Basi. Karudi kwenye randa. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningemuuliza kama hilo alilipima.

Jioni, jua bado lipo, paa jike kaja uani. Na mtoto wake, miguu kama vijiti. Wamekunywa kwenye beseni langu la nguo, maji yenye povu! Nikataka kupiga makofi niwafukuze. Mikono ikakataa. Walipomaliza wakapanda juu kwa kufuata ukingo wa bustani, pale pale uzi ulipopita. Utadhani walihudhuria mkutano.

Nimesali. Nikamweleza Mungu habari zote, za dirisha, za mama mkwe na umri wake, za chemchemi. Tangu nianze kuwafundisha watoto wa Jumapili, amri ya kutomshuhudia jirani uongo nimewakaririsha mpaka wanaisema usingizini. Sikujua kwamba jirani mwenyewe atakuwa Mama Pacha, na kwamba uongo utakuwa mwepesi hivi. Sweta la mtoto lina uzi mwingi kuliko huu.

Sasa hivi kapita mtu kutoka zahanati. Mama Pacha ananisalimu, watoto wamepata nafuu kidogo. Anasema anaiombea nyumba yangu.

Anaiombea nyumba yangu!

Uzi uko hapa mezani, kando ya taa. Wakubwa wanafika saa mbili asubuhi, na funguo za ukumbi ninazo mimi peke yangu. Ee Bwana, nimekuandikia kwa kuwa kwa mdomo hukunijibu. Tafadhali, nijibu mapema.